Kwanini homa ya ini C inapona kabisa halafu B na HIV zinabaki mwilini?

MtotoWaPangani

Habari zenu wakuu, naomba msaada kwa wenye uelewa, ni ndefu kidogo nivumilieni.

Kaka yangu mkubwa alienda kuchangia damu, baadaye akapigiwa simu arudi, akaambiwa damu yake haiwezi kutumika kwa sababu ana virusi vya homa ya ini B. Akapewa kikaratasi kina herufi HBsAg na alama ya kujumlisha, basi, nenda kamuone daktari. Toka hapo nyumbani hakukaliki, shemeji ameshamtengea sahani na kikombe, mama halali, yeye mwenyewe kakaa kimya tu, akiongea anasema bora ingekuwa C maana C ina dawa.

Nikaingia mtandaoni nikakuta ni kweli, C mtu anameza vidonge kama miezi mitatu anapona, virusi vinaisha mwilini hata wapime vipi. Lakini B wanasema ni dawa miaka na miaka, na HIV hivyohivyo. Sasa swali langu, vyote si virusi tu? Vyote si vinapita kwenye damu? Kwanini kimoja kinatoka vingine vinagoma? Kuna jamaa ofisini ananiambia dawa zipo ila zimefichwa ili tuendelee kununua vidonge, na mimi sina cha kumjibu. Naomba mnieleze kuanzia mwanzo kabisa, kirusi ni kitu gani na kinafanya nini humo ndani, msinijibu kwa mkato.

Hadubini

Pole sana ndugu, na mama mwambie alale, kaka yako hajahukumiwa. Mimi niko maabara, hizi sampuli ndiyo kazi yangu, ngoja nianze na kirusi chenyewe.

Kirusi sio kama bakteria. Bakteria ana seli yake, anakula, anajigawa mwenyewe, ndiyo maana antibayotiki inampata kwa sababu kuna mahali pa kupiga, mara ukuta wake, mara ile mitambo yake ya kutengeneza protini. Kirusi hakina hivyo vyote. Ukikifungua unakuta maelekezo tu, yaani vinasaba, iwe DNA au RNA, vimefungwa ndani ya ganda la protini. Vingine juu ya ganda vina utando wa mafuta ambao vimeuchukua kwenye seli ya mtu wakati vinatoka, na kwenye huo utando zimechomoza protini za kushikia seli nyingine. Basi, hamna kingine. Hakili, hakipumui, nje ya seli kimetulia tu. Na ni kidogo mno, cha homa ya ini B kina nanomita 42, maana yake ukivipanga mstari kwenye milimita moja vinaingia zaidi ya 23,000. Maelekezo yake yote ni herufi kama 3,200, na kwa hizo herufi 3,200 kinaweza kumlaza mtu mzima mwenye nguvu zake, hilo mimi mpaka leo linanishangaza.

Ili kizaliane lazima kiingie kwenye seli, kivue ganda, kitoe maelekezo, halafu seli yako wewe ndiyo inayafuata, inatengeneza protini za kirusi na nakala za vinasaba vyake, vinaungana vinakuwa virusi vipya, vinatoka kwenda kutafuta seli nyingine. Na havishiki seli yoyote tu. HIV inashika protini inayoitwa CD4 iliyoko kwenye baadhi ya seli za kinga, homa ya ini B inashika nyingine inayoitwa NTCP iliyoko kwenye seli za ini, na hiyo NTCP imejulikana mwaka 2012 tu, juzijuzi. Ndiyo maana B makao yake ni ini.

Swali lako jibu lake liko kwenye hatua inayofuata. Kirusi kikishaingia, yale maelekezo kinayaweka wapi?

Chukulia seli ni nyumba na kirusi ni mgeni ambaye hakuna aliyemkaribisha. C ni mgeni wa barazani. Vinasaba vyake ni RNA, na haviingii kabisa kwenye kiini cha seli ambako DNA yetu inakaa, vinanakiliwa hukohuko nje ya kiini. Sasa RNA haidumu, inavunjika upesi, kwa hiyo C inabidi ijinakili muda wote la sivyo inapotea. Dawa kama sofosbuvir inajifanya herufi mojawapo ya RNA, enzaimu ya kirusi, yaani protini yake ya kazi inayonakili, inaichukua inaiunga kwenye mnyororo, na mnyororo unakatikia hapo. Wanaichanganya na dawa nyingine moja inayopiga protini tofauti. Ukizuia kunakili kwa wiki 12 zile RNA zilizokuwepo zinavunjika, na hakuna nakala ya akiba iliyofichwa popote, kirusi kimekwisha. Zaidi ya asilimia 95 ya wanaotumia wanapona.

HIV ni mwingine. Nayo ni ya RNA ila inakuja na enzaimu yake ya kugeuza RNA kuwa DNA. Enzaimu ya namna hiyo Temin na Baltimore waliigundua 1970 kwenye virusi vya kuku na panya, HIV yenyewe haijajulikana bado, na wakapata Nobel 1975. Ikishageuzwa, enzaimu ya pili inaikata DNA yako na kuipachika ya kirusi katikati. Huyu mgeni ameshajiandika kwenye hati ya nyumba. Seli ikigawanyika mbili zote mbili zinaye.

B iko katikati ya hao wawili. Inaingia mpaka kwenye kiini, DNA yake inaungwa inakuwa duara lililofungwa, linakaa jirani na DNA yetu bila kupachikwa, linaitwa cccDNA. Hati hajaandikwa lakini chumba anacho na ufunguo anao. Sasa angalia hii, B japo ni ya DNA, ikitaka kujinakili inapitia kwanza kwenye RNA halafu inageuza tena kuwa DNA, ni kazi ileile ya HIV, ndiyo maana dawa moja, tenofovir, inatumika kwa HIV na kwa B. Inazuia kule kugeuza. Lakini duara lililokwisha kukaa ndani haliguswi, na kile kipande cha HIV kilichopachikwa kwenye DNA hakiguswi. Ukiacha dawa yanaanza kutoa nakala upya.

Kwa hiyo usipime ubaya wa kirusi kwa kinavyoingia. Angalia kinaacha nini nyuma.

Na hicho kikaratasi cha kaka yako: HBsAg ni protini ya utando wa nje wa B. Kirusi hiki kinatengeneza hiyo protini kupita kiasi kabisa, zinamwagika kwenye damu kama vitufe vidogo vya nanomita 22 ambavyo ndani havina kitu, vinaweza kuzidi virusi kamili kwa mara elfu moja na zaidi. Sisi tukidondosha damu kwenye kile kipimo cha haraka, mstari wa pili unaotokea umesababishwa zaidi na hivyo vitufe vitupu. Kwa hiyo jibu linakwambia kirusi kipo, halikwambii kipo kingi kiasi gani wala ini likoje. Hivyo ni vipimo vingine. Chanjo nayo imetengenezwa kwa protini hiyohiyo, inazalishwa kwenye hamira, ndiyo maana haiwezi kumpa mtu ugonjwa, hakuna kinasaba hata kimoja cha kirusi ndani yake.

PwaniKabisa

Ahsante dada Hadubini, hapa nimeelewa kuliko miaka yote ya shule. Mimi niko Mombasa. Swali dogo, mamangu mwaka jana alipata mkanda wa jeshi, malengelenge upande mmoja kuanzia mgongoni hadi chini ya titi, maumivu hata kanga haiwezi kugusa. Daktari akasema ni tetekuwanga aliyougua akiwa mtoto. Mama ana miaka sitini na kitu! Hiki kirusi kilikuwa wapi muda wote huo, na je kiko kundi gani kati ya hao watatu uliowataja? Na majirani walivyo, wakaanza kunong'ona eti ni ukimwi.

MuuguziWaZamu

PwaniKabisa mpe mama pole yangu, yale maumivu nayajua kwa wagonjwa, mtu anashindwa hata kuvaa nguo.

Kirusi cha tetekuwanga ni cha DNA na kina tabia yake. Ukishapona tetekuwanga kile kirusi kinapanda na mishipa ya fahamu hadi kwenye vifundo vya neva pembeni ya uti wa mgongo, kinakaa humo kwenye kiini cha seli bila kujinakili, hakitoi protini za kutosha kwa kinga kukiona, kwa hiyo hakuna dalili yoyote hata miaka hamsini. Hakijipachiki kwenye DNA kama HIV, kwa hiyo kwa mfano wa Hadubini ni jirani ya B, ila chenyewe kimelala kabisa. Kinga ikishuka, iwe ni umri, kisukari, dawa za saratani, HIV, kinaamka kinateremka na neva ileile moja. Ndiyo maana vipele vinafuata mstari upande mmoja wa mwili na havivuki katikati, vinafuata njia ya hiyo neva.

Kuhusu majirani: ni kweli kwa kijana wa miaka 25 mkanda wa jeshi unatufanya tumshauri apime HIV, na tunafanya hivyo kwa nia njema, kwa sababu kabla ya ARV kuenea vijana wengi waligundulika kwa njia hiyo. Kwa mama wa miaka sitini umri peke yake unatosha. Kupima apime, ila kumnyooshea kidole mgonjwa wa mkanda wa jeshi ni kumuonea. Na mkimuona mtu ana vipele vya namna hiyo asikae nyumbani anapakwa majivu, dawa yake asaikloviri inafanya kazi vizuri ikianza ndani ya siku tatu toka vipele vitoke, na kikigusa jicho ni dharura, anaweza kupoteza kuona.

Sasa nirudi kwa kaka wa MtotoWaPangani maana yule ndiye anayeniuma.

Watu wengi wanadhani B inatafuna ini. Kirusi chenyewe seli ya ini hakiiui, kinaweza kukaa humo kinazalisha na seli inaendelea na kazi zake. Kinachoharibu ni kinga ya mwili ikizigundua hizo seli na kuanza kuziua. Kwa mtu mzima aliyeambukizwa leo kinga inakuja kwa nguvu, anapata homa, macho ya njano, mkojo kama chai ya rangi, anachoka wiki kadhaa, halafu anashinda, zaidi ya asilimia 95 ya watu wazima wanaimaliza wenyewe bila dawa. Kwa hiyo kusema B haiponi sio sahihi kwa wote. Kwa mtoto mchanga ni kinyume chake, kinga yake bado changa haipambani, asilimia 90 hivi ya wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa wanabaki nayo maisha. Hawaumwi, wanasoma, wanaoa, wanachangia damu, ndipo inajulikana.

Nalisema hili kwa sababu ya shemeji. Mwanaume mtu mzima mwenye B ambaye hajawahi kuumwa, huku kwetu mara nyingi aliipata utotoni, kwa mama au kwa watoto wenzake, miaka thelathini kabla hajamjua mkewe. Ndoa zimevunjika kwa kikaratasi hicho bila sababu yoyote. Shemeji asianze kuuliza ameitoa wapi, aende akapime na yeye, akikutwa hana achanjwe, watoto vilevile. Sahani na kikombe arudishe, B haiambukizi kwa kula pamoja, kukumbatiana wala kupeana mkono. Inaambukiza kwa damu na ngono, kwa hiyo wembe, mswaki na mashine ya kukatia kucha kila mtu na yake, na tone la damu likimwagika lisafishwe kwa klorini maana kirusi hiki kinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 na bado kinaambukiza.

Ile vita ya kinga na ini ikiendelea chinichini miaka mingi ini linajaa makovu, linasinyaa, tumbo linajaa maji, mtu anatapika damu. Na saratani ya ini. Hapo kuna jambo naomba mlishike, vipande vya DNA ya B wakati mwingine vinajichomeka ovyo kwenye DNA ya seli ya ini, haviwezi kuzalisha kirusi kipya lakini vinavuruga, na mtu huyohuyo akila mahindi na karanga zenye sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, hatari ya saratani inapanda mara nyingi zaidi, vile viwili vinasaidiana. Kwa kaka yako ningeanza na hayo, karanga zenye ukungu zisiingie nyumbani, pombe aache, na dawa za mitishamba za kusafisha ini asiguse, ini lenye kirusi halitaki majaribio.

Mjasiri77

Maelezo mazuri nawapongeza, ila mimi nabaki na swali la jamaa wa ofisini. C imegunduliwa 1989 dawa ya kuponya ikaja 2013, miaka 24. HIV imegunduliwa 1983, miaka zaidi ya 40, mabilioni ya pesa, bado vidonge kila siku. Mnataka tuamini hawajui? Mfanyabiashara gani anataka mteja wake apone?

Hadubini

Mjasiri swali lako la haki na nitalijibu kwa pesa hizohizo. Sofosbuvir ilipotoka Marekani kidonge kimoja kiliuzwa dola 1,000, dozi ya wiki 12 ikawa dola 84,000, na kampuni ikapata mabilioni ya dola. Kwa dawa inayoponya! Kwa hiyo anayeweza kuponya HIV leo hana sababu ya kuficha, angekuwa tajiri kuliko wote wanaouza ARV, na kampuni ni nyingi zinashindana, ukificha wewe mwenzako anakutangulia.

Ugumu ni ule nilioueleza. ARV zinazuia kirusi kisiingie seli mpya na kisijikamilishe, na zinafanya hivyo vizuri sana. HIV bila dawa inazalisha virusi kama bilioni 10 kwa siku, na ile enzaimu inayogeuza RNA kuwa DNA inakosea herufi mara kwa mara, kwa hiyo kila siku kunatokea vyenye mabadiliko vinavyoweza kukwepa dawa moja. Ndiyo maana dawa ni tatu kwa pamoja, kirusi kimoja kukwepa zote tatu kwa mpigo ni vigumu mno. Dolutegravir iliyomo kwenye TLD, kile kidonge kimoja cha HIV chenye dawa tatu, inazuia ile enzaimu ya kupachika. Lakini seli iliyopachikwa jana haiwezi kuipachua.

Na baadhi ya hizo seli ni zile za kinga zenye kumbukumbu, kazi yake ni kuishi miaka mingi zikisubiri ugonjwa uliowahi kupita urudi. Zimelala, kirusi ndani kimelala, hakuna protini inayotoka nje, dawa haina cha kugusa na kinga haina cha kuona. Wamepima kwa watu walio kwenye dawa, hizo seli zinachukua takriban miezi 44 kupungua nusu. Piga hesabu, mpaka ziishe kabisa ni zaidi ya miaka 60 ya kumeza dawa bila kukosa. Mtu akiacha leo, wengi kirusi kinarudi kwenye damu ndani ya wiki chache.

Na waliopona wapo, hawajafichwa. Timothy Ray Brown alitibiwa Berlin, alikuwa na saratani ya damu, mwaka 2007 akapandikizwa uboho wa mtu ambaye seli zake hazina CCR5, ile protini ya pili ambayo HIV nyingi zinaihitaji ili kuingia. Hakuonekana na HIV tena, mwaka 2020 alifariki kwa ile saratani kurudi. Wapo wengine wachache baada yake. Lakini kupandikizwa uboho kunaua watu, huwezi kumfanyia mtu ambaye kidonge kimoja kwa siku kinamfikisha uzeeni.

Na sio kwamba wamekaa. Ganda la ndani la HIV lina umbo la koni, limeundwa kwa nakala karibu 1,500 za protini moja, na hilo ganda ndilo linalosindikiza vinasaba hadi ndani ya kiini. Dawa inaitwa lenacapavir inajibana kwenye hizo protini, ganda halifunguki wala kuundwa inavyotakiwa. Wanadunga mara moja kwa miezi 6. Majaribio ya kuzuia maambukizi yalifanyika Afrika Kusini na Uganda kwa wasichana na wanawake vijana, matokeo yakatoka 2024, kati ya 2,134 waliopewa sindano hiyo hakuambukizwa hata mmoja. Hata mmoja! Hii haiponyi aliyenayo, lakini mimi niliyasoma matokeo yale nikainuka kwenye kiti.

MuuguziWaZamu

Niongeze moja hapo kwa wanaotumia TLD. Humo ndani kuna tenofovir na lamivudine ambazo zote zinakandamiza B pia. Kuna watu wana HIV na B kwa pamoja na hawajui kuhusu B. Mtu anaambiwa na mganga au mchungaji au rafiki aache dawa, anadhani anacheza na HIV peke yake, kumbe B iliyokuwa imekandamizwa inaibuka kwa kishindo, ini linavimba ghafla na wengine wanafariki kwa hilo kabla seli za kinga zenye CD4 hazijashuka. Kwa hiyo mkiwa CTC, kliniki ya dawa za HIV, au kwa wenzetu wa Kenya CCC, ulizeni kama mmepimwa B, na msibadilishiwe dawa bila daktari kujua hilo.

Na mwenye HIV anayemeza dawa vizuri mpaka kirusi hakionekani kwenye kipimo hamuambukizi mwenzake kwa ngono. Nalirudia kila siku kazini na bado kuna ndoa zinateseka kwa kutolijua.

MtotoWaPangani

Nimesoma yote mara mbili, nimemsomea na mama kwa sauti. Mungu awabariki. Shemeji amekubali kwenda kupima. Sasa naombeni mniambie kaka akifika kwa daktari aombe nini, maana asije akarudi na kikaratasi kingine cha alama ya kujumlisha. Na ataanzishiwa dawa moja kwa moja?

MuuguziWaZamu

Mdogo wangu, aombe vitu vinne. Wingi wa kirusi kwenye damu, yaani HBV DNA. Vipimo vya ini, hasa ALT, inayoonyesha seli za ini zinaumia kiasi gani. Picha kamili ya damu ili waone chembe sahani, zile za kugandisha damu, ini likiwa na makovu mengi huwa zinashuka. Na utrasaundi ya ini. Apimwe na HIV na C hapohapo, asione kama anashutumiwa, HIV ni kwa sababu ya ile habari ya tenofovir niliyoeleza.

Dawa sio lazima ianze siku hiyo. Kuna watu kirusi ni kidogo, ALT iko sawa, ini laini, hao wanafuatiliwa kila baada ya miezi 6 au kama daktari atakavyopanga. Wenye kirusi kingi na ini linaloumia, wenye makovu, wenye HIV, na wale ambao kwenye familia kuna aliyekufa kwa saratani ya ini wanaanzishiwa mapema. Miongozo ya WHO ya 2024 imepanua sana wanaostahili dawa kuliko zamani, kwa hiyo kama ataambiwa hastahili aulize sababu kwa upole, ana haki hiyo. Ikianza ni kidonge kimoja kwa siku, na asiache siku akijisikia vizuri, maana atajisikia vizuri siku zote. HBsAg itaendelea kuonyesha mstari hata dawa ikifanya kazi vizuri kabisa, kinachoangaliwa ni DNA kushuka.

Shemeji akiwa mjamzito au akipanga kubeba, na ikatokea na yeye anayo, aseme kliniki mapema. Mama mwenye kirusi kingi anapewa tenofovir miezi ya mwisho, na mtoto anatakiwa apate chanjo ya B ndani ya saa 24 toka azaliwe, halafu aendelee na zile za wiki ya 6, 10 na 14. Ile ya saa 24 waiulizie kabla ya siku ya kujifungua kama ipo pale wanapotegemea kujifungulia, wasisubiri uchungu uanze ndipo waitafute. Kunyonyesha ananyonyesha kama kawaida.

PwaniKabisa

La mwisho wakuu. Nina rafiki aliishi Misri, alitibiwa C hukohuko akapona, ana barua. Sasa amepata kazi Ghuba, kwa vipimo vya safari wamemwambia ana C wamemrudisha. Ina maana haikupona? Na mbona Misri walikuwa na C nyingi hivyo?

Hadubini

Misri ni historia ya kusikitisha. Kuanzia miaka ya 1950 hadi 1980 serikali ilifanya kampeni kubwa ya kutibu kichocho kwa sindano, na sindano zilitumika mtu baada ya mtu bila kuchemshwa ipasavyo. Hakuna aliyejua kuna kitu kinaitwa homa ya ini C. Wakatibu kichocho huku C inasambaa nchi nzima, ikafika karibu asilimia 10 ya watu, kati ya nchi zilizoathirika kuliko zote duniani. Halafu hao hao wakafanya jambo ambalo natamani kila nchi iige, wakatengeneza dawa zao wenyewe kwa bei ya chini ya dola 100 kwa dozi, na kati ya 2018 na 2019 wakapima karibu watu milioni 50 ndani ya miezi saba hivi, waliokutwa nayo wakatibiwa bure. Sasa iko chini ya asilimia 1.

Rafiki yako huenda amepimwa antibodi. Kipimo cha haraka cha C hakitafuti kirusi, kinatafuta alama ambazo kinga yake iliziacha ilipokutana na kirusi, na hizo zinabaki miaka mingi baada ya kupona, pengine maisha. Mstari utatokea kila akipimwa. Kipimo kinachosema kirusi kipo au hakipo ni cha RNA, kinafanyika kwa mashine ya PCR. Akapime RNA kwenye maabara inayotambulika, achukue majibu yake na ile barua ya Misri, aombe kituo kilichompima kipitie upya. RNA isipoonekana wiki 12 baada ya kumaliza dawa, hiyo kitabibu ni kupona.

Ila mkumbushe hizo antibodi hazimkingi na C haina chanjo. Akichanjwa chale kwa wembe uliotumika au kuchorwa tatuu kwa sindano chafu anaweza kuipata upya kabisa, na itabidi aanze dozi mwanzo.